Mahadhi ya Usemi na Jina la Mtunzi: Nadharia ya Leoš Janáček Katika Mizani ya Nyimbo za Mwambao wa Ziwa Victoria

Uhakiki huu unachunguza iwapo nadharia ya mtunzi wa muziki Mcheki, Leoš Janáček (1854–1928), inaweza kutumika kuchanganua nyimbo zinazoimbwa Mwanza na mwambao wa Ziwa Victoria. Hoja inayotetewa ni kwamba mbinu yake ya ukusanyaji inafaa kurithiwa, ilhali dai lake kuhusu maana ya sauti ya msemaji haliwezi kupokelewa bila marekebisho.

Janáček alizaliwa Hukvaldy, Moravia, akiwa mtoto wa mwalimu, na alipata malezi ya muziki katika monasteri ya Waagustino mjini Brno. Kuanzia mwishoni mwa karne ya 19 alijizoeza kuandika kwa nota namna watu walivyosema sokoni, barabarani na nyumbani. Vipande hivyo, alivyoviona kuwa mahadhi ya usemi, mara nyingi aliviandika pamoja na msemaji, mahali na tarehe. Mwaka 1903 aliandika hata maneno ya binti yake Olga alipokuwa katika kitanda cha mauti. Opera yake *Jenůfa*, iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza Brno mwaka 1904, ilitumia matini ya nathari badala ya ushairi, hivyo wimbo ukaweza kufuata mwendo wa Kicheki kinachosemwa. Prague haikuipokea hadi mwaka 1916, tena baada ya kondakta Karel Kovařovic kuifanyia mabadiliko.

Kwa Janáček, mahadhi ya usemi yalikuwa dirisha la kuchungulia nafsi ya msemaji. Dai hili lina mashiko katika Kicheki, lugha ambayo mkazo hukaa katika silabi ya kwanza na kupanda au kushuka kwa sauti hakubadili maana ya neno. Kiswahili kina utaratibu mwingine. Mkazo hukaa katika silabi ya pili kutoka mwisho, na neno linaporefushwa mkazo huhama: katika *furahi* hubebwa na *ra*, katika *furahini* na *hi*, na katika *furahianeni* na *ne*. Kwa hiyo, mahadhi yanayoulingana ubeti wa kwanza yanaweza kuukwaza ubeti wa pili. Hii ni sababu mojawapo inayofanya tenzi zilizotafsiriwa kutoka lugha za Ulaya zichechemee: nota yenye uzito huangukia silabi isiyostahili.

Kisukuma kinaleta tatizo zito zaidi, kwa kuwa ni lugha ya toni. Aidha, toni ya juu inayotokana na silabi moja inaweza kusikika katika silabi za mbele yake. Mtafiti atakayesimama katika soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, akiandika kwa nota sauti za wauza dagaa, atasikia Kiswahili na Kisukuma vikipokezana. Akifuata dai la Janáček pasipo tahadhari, ataita furaha au hasira kile ambacho ni umbo la kawaida la neno. Budi aulize kwanza lugha yenyewe inadai nini. Kinachosalia baada ya hapo ndicho kinachoweza kuhusishwa na hisia za msemaji. Mpangilio huu wa hatua haumo katika nadharia ya Janáček, kwa sababu lugha yake haikumlazimisha kuuweka.

Hata hivyo, daftari za Janáček zina funzo jingine: sauti ina mwenyewe. Wimbo wa Pasaka "Mfurahini, Haleluya" ulitungwa na Bernard Kyamanywa, mchungaji wa Kilutheri, mwaka 1966. Umeingia katika kitabu cha nyimbo cha Waprotestanti wa Ujerumani ukiwa namba 116, kwa maneno ya Kijerumani ya Ulrich Leupold ya mwaka 1969. Humo Kyamanywa anatajwa kwa maneno asilia, lakini mahadhi yametambulishwa kuwa yametoka Tanzania tu. Nchi nzima imewekwa mahali pa mtu, kijiji au kabila.

Utambulisho wa namna hiyo huzoesha wasomaji kudhani kwamba muziki wa Kiafrika hauna watunzi. Desturi ya Wasukuma inapinga dhana hiyo. Katika mashindano ya ngoma ya Bagika na Bagalu, *ningi*, yaani mtunzi na kiongozi wa wimbo, hujulikana kwa jina, na sifa au lawama ya wimbo humrudia yeye. Utafiti wa Frank Gunderson kuhusu nyimbo za kazi za Wasukuma, uliochapishwa mwaka 2010, umeonyesha kwamba nyimbo hizo zinaweza kuchunguzwa pamoja na watunzi wake.

Inahitimishwa kwamba Janáček anafaa kuwa mwalimu wa mbinu, si hakimu wa matokeo. Inapendekezwa kwamba kila wimbo unaorekodiwa mwambaoni uhifadhiwe pamoja na lugha yake, alama za toni inapohitajika, mahali, tarehe na jina la mtunzi, kwa ridhaa yake. Sharti la ridhaa linatajwa makusudi, kwani maneno ya mwisho ya Olga yanakumbusha kwamba sikio la mtunzi linaweza kufika mahali ambapo ruhusa haijaombwa. Bila jina, kosa la kitabu cha nyimbo litarudiwa na hifadhi zetu wenyewe, na hapo hatutakuwa na mgeni wa kumlaumu.