Banzi Lilivuliwa Mapema

Uji wa moto ulimmwagikia mtoto wa jirani yangu kwenye kikunjo cha kiwiko, na mwanzoni nyumbani walimtunza vizuri. Maji ya bomba dakika 20, hakuna dawa ya meno (ambayo nitaipigia kelele hadi nizikwe), shashi ya vaselini ikiloweshwa kabla ya kubanduliwa, mayai, maharage na dagaa kila siku. Yote sawa, na mama yake anastahili pongezi.

Kilichoharibu ni wiki ya tano.

Kidonda kilikuwa kimefunga. Ngozi mpya ilikuwa nyembamba, ya waridi, haitoi maji. Nyumbani wakasema amepona. Banzi lililokuwa likikinyoosha kiwiko chake likatundikwa msumarini, na bibi, kwa huruma, akamwekea mto chini ya kiwiko alale mkono umekunjwa, maana akilala hivyo halii.

Uamuzi ule ulikuwa kosa, na huruma haiugeuzi. Mkao unaomtuliza aliyeungua kwenye kikunjo ndio mkao ambao kovu linautaka. Juu pamekauka, lakini chini kovu linajikaza kama ngozi ya ngoma iliyowambwa ikaanikwa juani. Kidonda kilichokawia zaidi ya wiki 3 kufunga ndicho hasa huacha kovu nene lenye kuvuta, na kuvuta huko huendelea miezi mingi, pengine mwaka na zaidi. Neno “kimekauka” nimepigana nalo tangu nikifanya kazi wodini. Kukauka ni habari ya ngozi. Kiungo kina habari yake.

Wiki 2 baada ya mto ule, mtoto hakuweza kunyoosha mkono kuchukua kikombe. Alisogea mwili mzima.

Banzi lilipaswa kufungwa kila anapolala, kiwiko kimenyooka, kiganja kikitazama juu. Mchana, kovu lipakwe mafuta na kukandwa, kisha mkono unyooshwe polepole, mara kadhaa, na dawa ya maumivu itangulie kama nusu saa. Atalia kidogo. Sista aliyenifundisha kazi alikuwa akiimba na watoto huku akiwanyoosha, wala hakuruka siku hata moja. Na daktari wa upasuaji Archibald McIndoe, kule East Grinstead, Uingereza, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, aliipinga asidi ya taniki, dawa ya vidonda vya moto ya enzi hizo, kwa sababu ilikausha vidonda vya marubani walioungua huku vidole vikipinda. Yeye aliwaingiza katika bafu la maji ya chumvi, bandeji zikilegea, viungo vikichezeshwa humo humo. Miaka zaidi ya 80 imepita, nasi bado tunashangilia ukavu.

Mtoto sasa anahudhuria mazoezi ya viungo. Mkono usipokubali, itabaki kukata kovu na kupandikiza ngozi. Mzazi mwenzangu, banzi la mwanao lisivuliwe mpaka aliyelifunga aseme.