Wanaotuonya Kabla Mvua Haijafika

Seremala wa Keko, Dar es Salaam, kazi yake iko barabarani. Vitanda vya mninga vimeegemezwa ukutani, fremu za makochi zinasubiri kitambaa, sponji imerundikwa hadi karibu na bati, na plaiwudi iko palepale kando ya mtaro. Mninga ukilowa utakauka. Plaiwudi ikinywa maji inafumuka, na hasara ni ya fundi mwenyewe. Kwa hiyo tahadhari ya mvua ikitangazwa redioni, turubai zinatoka na sponji inapanda juu ya meza. Nyuma ya dakika hizo chache kuna ufundi mwingine ninaouheshimu sana.

Ni ufundi wa mtabiri wa zamu wa Mamlaka ya Hali ya Hewa, TMA. Rada yake hurusha mawimbi yanayogonga matone ya mvua na kurudi, naye kwa kuyasoma yaliyorudi hujua mvua ni nzito kiasi gani na inaelekea wapi. Satelaiti humwonyesha mawingu yaliyo mbali baharini. Lakini hakuna mtambo unaomchagulia neno la kutuambia. Ana ngazi tatu: angalizo, tahadhari na tahadhari kubwa. Kabla ya kutaja mojawapo hupima mambo mawili kwa pamoja: uwezekano wa jambo kutokea, na madhara yake likitokea. Milimita 50 kwa siku moja juu ya vilima vya Pugu si sawa na milimita 50 bondeni Jangwani. Akisema kwa upole mno, hakuna atakayefunika kitu. Akizidisha na jua likawaka, safari ijayo atapuuzwa.

Aprili 2021 Kimbunga Jobo kilielekea kwetu, maonyo yakatolewa, kisha kikadhoofika kabla ya kuleta maafa. Wako waliosema tulitishwa bure. Sikubaliani nao hata kidogo. Vimbunga ni nadra pwani yetu kwa kuwa tuko karibu na ikweta, ambako msukumo wa mzunguko wa dunia unaosokota upepo ni dhaifu. Hata hivyo Unguja ilipigwa Aprili 1872, na Lindi Aprili 1952. Anayeyajua hayo, akaona kimbunga kimeelekeza uso Dar es Salaam, hana ruhusa ya kunyamaza.

Miaka mitatu baadaye kikaja Kimbunga Hidaya, na watabiri walewale waliosemwa wakarudi kusema tena bila kupunguza sauti. Mwanzoni mwa Mei 2024 taarifa zilifuatana: kimbunga kiko wapi, upepo wake una kasi gani, mikoa ipi ijiandae. Boti za Dar na Zanzibar zikasitishwa. Tarehe 4 Mei kikafika Mafia, na mvua zake zikakata barabara ya kusini. Kilipoisha nguvu, TMA ikatangaza kwamba kimekwisha, na tangazo hilo nalithamini kama lile la kwanza, maana mvuvi aliyefunga ngalawa anahitaji kuambiwa lini afungue.

Kazi haiishii hapo. Saa 3 asubuhi wapimaji vituoni husoma maji yaliyokusanyika kwenye kipimo cha mvua, milimita kwa milimita, na tarakimu hizo hurudi kwa mtabiri alinganishe alichosema na kilichonyesha.