Kazi Kabla ya Joto

Karatasi inapotoka kwenye printa ya sablimesheni, asiyeijua kazi hii humwonea fundi huruma. Nyekundu imepauka, bluu imefifia, nyeusi ina ukijivu, na maandishi yote yamegeuka, yanasomeka kinyume. Fundi hashtuki. Anaishika karatasi kwa pembe zake, anaiinua kwenye mwanga, anatafuta mstari mwembamba mweupe uliokatiza picha, dalili kwamba tundu moja la wino limeziba. Asipouona, anaiweka kando ikauke. Rangi za kweli bado hazijatokea. Zitatokea ndani ya fulana au kwenye kikombe, katika joto la karibu nyuzi 200 za Selsiasi, chini ya mashine iliyofungwa, mahali ambapo jicho halifiki.

Baadhi ya rangi zina tabia hii: zikipashwa joto vya kutosha, hutoka kwenye ugumu na kuwa mvuke moja kwa moja, bila kupitia majimaji. Hiyo ndiyo sablimesheni. Katika joto hilohilo nyuzi za poliesta hulegea. Mvuke wa rangi huzama ndani yake, kisha kitambaa kinapopoa nyuzi hujikaza na rangi hubaki humo. Fulana ndogo humaliza safari hiyo kwa chini ya dakika moja. Kikombe huhitaji dakika chache. Ukipitisha kidole juu ya picha hukuti ukingo wowote, wala gundi, wala tabaka la kubanduka. Ni kama hina: ukiipaka huoni rangi yake, na ukiibandua unakuta imekwisha kuwa sehemu ya ngozi.

Rangi za namna hii zilianza kutengenezwa miaka ya 1920, pale viwanda vilipopata nyuzi za asetati zilizokataa rangi za zamani. Mwaka 1941, John Rex Whinfield na James Tennant Dickson, wanakemia wa kampuni ya Calico Printers' Association ya Manchester, walivumbua nyuzi za poliesta zilizokuja kuuzwa kwa jina la Terylene. Mwaka 1957 Mfaransa Noël de Plasse, aliyekuwa akifanya utafiti kwa kiwanda cha Lainière de Roubaix, alibaini kwamba rangi hizo zinaweza kuhamishwa kwa mvuke kutoka kwenye karatasi hadi kwenye kitambaa. Kwa miaka mingi baada ya hapo maarifa hayo yalibaki kwenye viwanda vyenye mitambo mikubwa. Kazi hii kufika kwenye meza ya kulia chakula, kwa mama anayetengeneza zawadi jioni baada ya kutoka kazini, ni jambo la juzi tu.

Mama huyo, kabla ya kujifunza mashine, hujifunza nini kinakubali na nini kinakataa. Jezi ya mpira hukubali vizuri mno, kwa sababu ni poliesta. Kanga ya pamba hukataa: utaipiga pasi, picha itaonekana, na baada ya kufuliwa mara chache itakuwa imekwenda na maji. Kikombe cha kauri cha kawaida nacho hukataa, mpaka kiwe kimepakwa kiwandani tabaka jembamba la plastiki ambalo rangi huingia. Ndiyo maana vikombe vyeupe vya kuchapia huuzwa kwa katoni, na fundi mzoefu hukigeuza kimoja mwangani kabla ya kulipa, akitafuta doa au sehemu ambayo tabaka halikufika.

Sharti la pili ni gumu zaidi: wino huu hauna nyeupe. Popote palipo na nyeupe kwenye picha, hapakuchapwa kitu. Shela la bibi harusi linalong'aa kwenye kikombe cha harusi ni kikombe chenyewe kilichoachwa wazi. Kwa hiyo anayechora kwa ajili ya kazi hii hufikiria anachoweka na pia anachoacha. Fulana ya njano itageuza bluu kuwa kijani. Fulana nyeusi itameza kila kitu.

Baada ya hapo huja matayarisho, na hapa ndipo napenda kumtazama fundi akifanya kazi. Anapitisha rola ya gundi juu ya fulana, hata kama fulana imetoka kwenye mfuko wake sasa hivi, kwa sababu uzi mmoja wa vumbi usioonekana utaacha alama ya bluu ambayo haitoki kwa sabuni yoyote. Kisha anaibana fulana tupu kwenye mashine kwa sekunde chache na kuiachia, ili unyevu utoke. Kwetu pwani hatua hii hairukwi. Hewa ya Dar es Salaam, Tanga, Unguja au Mombasa imejaa maji, na karatasi pamoja na kitambaa huyanywa kimyakimya. Joto likifika, maji hayo huwa mvuke, huisukuma rangi pembeni, na uso wa mtoto wa mahafali hutoka na madoa. Mafundi wa pwani huhifadhi karatasi zao kwenye mifuko iliyofungwa, na wengine huweka humo vile vifuko vya kukausha unyevu vinavyokuja na viatu vipya.

Karatasi hufungwa kwa utepe usioungua, uso wa picha ukigusa kitambaa. Juu na chini huwekwa karatasi safi, ili rangi itakayotoroka isitue kwenye bamba la mashine na kuhamia kwenye kazi ya mteja anayefuata. Mahali penye umeme wa kusuasua fundi huangalia kwanza kama uniti za Luku zinatosha, kwa kuwa umeme ukikatika katikati hakuna kurudia: karatasi imekwisha kutoa sehemu ya rangi yake. Halafu anabana, na kwa muda mfupi hana la kufanya ila kusubiri.

Kufungua ni ufundi kamili. Kitambaa bado kina moto, na rangi iliyobaki kwenye karatasi bado inatoa mvuke. Karatasi ikiteleza hata kidogo, kila herufi itapata kivuli chake, na jina litaonekana kama limeandikwa mara mbili. Fundi huishika pembe moja na kuivuta kwa mkono mmoja usiosita, mpaka mwisho. Ndipo nyekundu inaonekana ilivyo nyekundu. Hata hapo jicho lake haliendi kwenye uso unaotabasamu. Linakwenda kwenye nyeusi. Ikiwa imefifia, joto au muda haukutosha. Ikiwa imeelekea udongo, kazi imeiva kupita kiasi. Nyeusi ndiyo humwambia jinsi mashine yake inavyofanya kazi leo.

Katika miaka ya karibuni kazi hii imepata vifaa vingi vipya, na kila kimoja huja na ahadi ya kuirahisisha. Kilichofungua mlango ni printa za matangi. Printa za Epson husukuma wino kwa vipande vidogo vinavyopinda umeme unapopita, bila kuupasha moto wino. Printa nyingi za HP na Canon za mezani hufyatua wino kwa joto, na wino unaongoja joto haufai humo. Wapenzi wa kazi za mikono waliligundua hilo, wakaanza kununua printa mpya za EcoTank za Epson na kujaza matangi yake wino wa sablimesheni tangu siku ya kwanza, wakikubali kupoteza dhamana. Mwanzoni mwa miaka ya 2020 Epson yenyewe ilitoa printa ndogo ya mezani kwa kazi hii, na kampuni ya Sawgrass nayo ilitoa zake. Bei ya kuanza ilishuka. Lakini printa hizi hazipendi kukaa bure: wino hutuama na matundu huziba. Fundi mzuri huchapa ukurasa wa rangi zote kila baada ya siku chache, awe na oda au asiwe nayo. Ugumu wa bei umepungua. Utunzaji umechukua nafasi yake.

Cricut ya Marekani ilikwenda mbali zaidi. Mwaka 2019 ilileta karatasi zenye rangi tayari pamoja na kalamu zake, hata printa isihitajike: unachora kwa mkono kwenye karatasi, unapiga pasi, mchoro unahamia. Mwaka 2021 ikaleta mashine ndogo ya vikombe inayopanga joto lake yenyewe. Sasa mchoro wa mtoto wa chekechea unaweza kuwa kikombe cha babu yake, kwa mistari ileile iliyopinda. Mashine imeondoa hesabu ya joto, lakini haijaondoa mkono unaofunga karatasi kwenye kikombe bila kukunjamana, wala jicho linalopima umbali sawa kutoka kwenye mkono wa kikombe pande zote mbili.

Kisha kuna chupa za chuma za kubebea maji na kahawa, ambazo mafundi wa Marekani wamezishughulikia mno na sasa zinaonekana huku kwetu. Mashine ya vikombe haiwezi kuizunguka chupa nzima, basi watu wakaanza kutumia oveni ndogo za umeme. Chupa huvikwa picha, juu yake huvikwa mfuko wa plastiki unaojikunja ukipulizwa hewa ya moto, kisha yote huingia kwenye oveni ili joto lifike kila upande kwa wakati mmoja. Oveni hiyo haipiki tena chakula, na chumba hufunguliwa madirisha. Chupa iliyonyooka huvaa picha ya mstatili bila shida. Chupa iliyosinyaa kuelekea chini huikunja picha hiyohiyo, hivyo fundi hulazimika kukata karatasi yenye upinde, pana juu na nyembamba chini, ili ncha zikutane nyuma bila pengo wala kupandana. Ukitaka kujua kiwango cha fundi wa chupa, geuza chupa, tazama mshono.

Badiliko jingine liko kwenye picha zenyewe. Programu za akili unde sasa huchora maua, simba na malaika kwa sekunde chache, na mtu asiyejua kuchora anaweza kuanza biashara jioni hiyohiyo. Ila picha inayopendeza kwenye simu inaweza kuwa ndogo mno kwa kifua cha fulana. Wateja nao hutuma picha za familia kwa WhatsApp, ambayo huzibana na kuzipunguza. Fundi anayejali hujibu kwa upole: "Dada, naomba unitumie kama dokumenti, isipungue ubora." Sentensi hiyo moja huokoa kazi zaidi ya mashine yoyote mpya. Baadaye huipandisha rangi kwenye kompyuta, akijua kwamba kioo cha simu hutoa mwanga na kikombe hakitoi, na kwamba ngozi zetu nyeusi zikiachwa kwa mipangilio ya kiwandani zinaweza kutoka zikiwa na uwekundu au ukijivu usio wao. Kupata hudhurungi sahihi ya uso wa bibi ni kazi ya majaribio kwenye vipande vya kitambaa chakavu, na fundi huandika pembeni ya kila kipande alichobadilisha.

Wapo wanaosema siku za sablimesheni zinahesabika, kwa kuwa sasa kuna DTF: picha huchapwa kwenye filamu yenye wino mweupe, hunyunyiziwa unga wa gundi na kubandikwa kwenye pamba, nyeusi au nyeupe, bila masharti. Kwa fulana nyeusi ya pamba DTF ndiyo jibu, na hakuna haja ya ubishi. Lakini inakaa juu ya kitambaa, na mkono huihisi. Wapenzi wa sablimesheni wamejibu kwa njia yao: hubandika kwanza kwenye pamba karatasi ya vinili nyeupe au yenye kumetameta, kisha huchapia juu ya hiyo. Hupaka pia dawa ya plastiki kwenye mbao, na hulazimika kujifunza kupaka tabaka sawasawa, kusubiri likauke, na kusugua kwa msasa laini. Kila walipokwepa sharti moja la zamani walikuta kazi mpya ya mkono inawangoja.

Hilo ndilo linalonifanya niiheshimu kazi hii, ambayo wengi huiita ya kubonyeza kitufe. Mashine zinazidi kuwa na werevu na ufundi haupungui, unahama. Ulikuwa kwenye kupima joto, ukaenda kwenye kukata karatasi, sasa uko kwenye kuitayarisha picha na kulijua umbo la chombo. Anayenunua mashine akidhani amenunua ufundi hutambulika kwa kikombe chake cha kwanza.

Nawe mnunuzi unaweza kuutambua bila kuwa fundi. Utakapopewa kikombe cha kipaimara au cha harusi, anza kwenye nyeusi: je, ni nyeusi kweli? Nenda kwenye ukingo wa juu na wa chini, ambako joto hupungua: je, rangi ni ileile ya katikati? Tazama herufi ndogo zaidi: zina kivuli? Kama yote yako sawa, usimwombe punguzo, na nyumbani kikombe kioshwe kwa sifongo, si kwa waya wa kusugulia sufuria. Yule aliyekitengeneza alikwisha kulipa sehemu yake kwa vipande chakavu ambavyo wewe hukuviona.