Grainda Iliyokula Mshale

Kuna video ya fundi akirekebisha kufuli kuukuu kutoka Emali; sitaisimulia yote. Fundi ana mkono mzuri. Alilegeza kutu kwa mafuta ya taa, akalifungua bila kulitoboa, akachonga ufunguo uliozunguka mara ya kwanza. Kisha akachukua grainda yenye diski ya msasa na kuilaza juu ya uso wa kufuli. Hapo alikosea, na kosa lenyewe halina marekebisho.

Rudisheni video nyuma, msimamishe picha kabla diski haijagusa shaba. Katikati kuna W, mshale, kisha D. Chini yake kuna mwaka: 194, na tarakimu ya mwisho imezibwa na uchafu. Sasa tazameni juu ya ncha ya mshale. Pana kidonge cha grisi iliyoganda, mahali pekee ambapo kitambaa chake hakikupita. Pembeni mwa kidonge hicho unachomoza mstari mmoja, ukielekea kwenye ncha kutoka juu.

Nieleze kwa nini mstari huo ulinisimamisha. Mshale mmoja ni mali ya serikali ya Uingereza, na W na D (War Department) zikiuzunguka ni mali ya jeshi. Mishale miwili iliyokutana ncha kwa ncha ni habari nyingine kabisa: kifaa kimeondolewa kazini na kuuzwa kihalali. Sisemi kwamba mshale wa pili ulikuwapo. Nasema palikuwa na jambo la kusomwa, na fundi hakulisoma.

Tena hakukosa sababu ya kulisoma. Muda mfupi kabla ya hapo, mwenye kufuli alikuwa amesema, huku watu wakicheka, kwamba babu yake, askari wa KAR (King's African Rifles), jeshi la kikoloni la Afrika Mashariki, alilitorosha kambini aliporudi kutoka Burma. Wakamba wengi walipigana katika Vita vya Pili vya Dunia, na huko Kitui na Makueni bado zipo nyumba zenye sanduku la babu na kufuli lake. Mzee huyu anaitwa mwizi na wajukuu wake mwenyewe, na pengine ushahidi wa kumsafisha ulikuwa chini ya grisi. Grainda ikaula. Watazamaji wakashangilia kwa sababu shaba ilimetameta.

Kitaalamu, hapakuwa na haja yoyote. Chapa ya namna hii hugongwa kwa panchi na nyundo, na kina chake ni kidogo mno. Shaba ya njano ni laini. Msasa wa mashine huila kabla jicho halijatambua. Grisi ile ingetoka kwa mafuta yaleyale ya taa na kijiti cha mti. Baada ya hapo unazima taa, unamulika tochi kutoka ubavuni, na kila mkwaruzo unatoa kivuli chake. Ukitaka kumbukumbu, unaweka karatasi juu na kuisugua kwa penseli. Hata pale alipokwisha kukosea, angesimama mapema. Chuma kilichogongwa hubanwa hadi chini ya herufi, ndiyo maana wachunguzi wa polisi huweza kutumia asidi kufufua namba za bunduki zilizosuguliwa. Lakini yeye aliendelea mpaka uso ukawa kioo.

Fundi huyu ndiye aliyetuambia pia, katika video ya awali, kwamba kila kufuli lenye taji ni la serikali. Nimelipinga hilo mara nyingi na nitalipinga tena. Viwanda vya Willenhall, Uingereza, vilipiga taji, VR au GR (herufi za Malkia Victoria na za wafalme George), pamoja na neno Patent, kwenye makufuli yaliyouzwa kwa mtu yeyote mwenye pesa. Taji peke yake ni pambo la dukani. Mshale ndio unaotaja mwenye mali.

Mafundi wazee wa reli niliowakuta Makindu na Kibwezi wasingeruhusu mashine ikaribie kufuli. Walifuta kwa kitambaa, wakasoma, ndipo wakashika tupa. Kwao herufi zilikuwa kalenda: U.R. (Uganda Railway) ni ya zamani, kabla ya katikati ya miaka ya 1920, K.U.R. (Kenya and Uganda Railway) ikafuata, E.A.R.&H. (East African Railways and Harbours) ni kuanzia 1948, K.R. (Kenya Railways) ni baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika 1977. Fundi wa leo mwenye simu nzuri na grainda mpya hawafikii.

Na sheria haitatuokoa. Sheria ya Makumbusho na Turathi ya Kenya ya 2006 huhesabu kuwa kitu cha kale kile kilichotengenezwa au kuingizwa nchini kabla ya 1895. Ujenzi wa reli ya Uganda ulianza 1896. Kwa kipimo hicho, makufuli yote ya reli na ya vita vyote viwili vya dunia yamebaki nje, isipokuwa waziri ayatangaze kuwa ya kulindwa. Mnunuzi wa vyuma chakavu naye huyapima kwa kilo. Biashara yake ilipigwa marufuku Januari 2022, ikafunguliwa tena mwaka huohuo, na mizani ikaendelea kumeza shaba ya babu zetu.

Kwa hiyo wewe mwenye sanduku Mutomo, Mwingi, Wote au Sultan Hamud: kabla ya kumpa fundi kufuli lako, lipige picha pande zote, upande wa nyuma usiusahau, na umwambie waziwazi kwamba uso wake hauguswi na msasa. Akikataa, rudi nalo nyumbani.