Tiba ya Macho na Ushuhuda Tunaoudai

Mwanasaikolojia wa Marekani, Francine Shapiro, alichapisha uchunguzi wake wa kwanza kuhusu tiba ya kusogeza macho mwaka 1989, na kitabu chake mwaka 1995. Mgonjwa hulikumbuka tukio lililomjeruhi huku macho yake yakifuata vidole vya mtabibu, kushoto na kulia, kisha husema kwa kifupi tu lililomjia. Yasemekana akili haiwezi kubeba mambo mawili kwa nguvu ile ile, hivyo picha ya kutisha hufifia. Kama macho hasa ndiyo yaponyayo, wataalamu wangali wakibishana. Nasi twaona Shapiro aliyatukuza mno, maana mwenyewe alikubali kwamba kugonga mikono na sauti pia hufaa.

Lakini lipo linalotuhukumu sisi. Shirika la Afya Duniani, lilipoipendekeza tiba hii mwaka 2013, lilieleza kuwa haimlazimu mtu kusimulia tukio kinaganaga. Tumfikirie mzee wa Nyamuswa aliyepigana Vita vya Kagera, 1978 hadi 1979. Sisi wachungaji humwuliza aliyoyaona, pengine tukamtaka ashuhudie mbele ya usharika, na kunyamaza kwake tukakuita ugumu wa moyo. Aliyoyatenda, akitaka kuyaungama, mlango u wazi. Aliyotendewa si dhambi, wala hatuna haki ya kuyadai. Hatusemi mchungaji apunge vidole barazani, kwani kazi hii yataka mtabibu aliyefunzwa. Ila kuketi naye pasipo kumhoji hakuhitaji cheti.