Kuzitambua Ndege za Jeshi Pichani, Kuanzia Homa Bay

Tarehe 1 Juni 2025 sherehe za kitaifa za Madaraka zilifanyika Homa Bay, katika Uwanja wa Raila Odinga. Siku kama hiyo huacha picha za ndege za jeshi kwenye simu za watu, kuanzia ufuoni mwa ziwa hadi Rongo na Migori. Kinachonisumbua ni majina yanayoandikwa chini yake. Kila helikopta ndogo huitwa MD 530, kila ndege ya kivita huitwa F-5 tu, na toleo adimu hupita bila kutambuliwa.

Utambuzi hauanzii pichani. Huanzia kwenye orodha ya ndege ambazo Jeshi la Wanahewa la Kenya linazo kweli, kwa maana orodha hiyo ni fupi na hukuondolea makisio mengi mapema. Rangi iachwe mwisho. Ndege hupakwa upya, lakini mkia wake haubadilishwi kirahisi.

Chukua ndege za mizigo. Buffalo ya Kanada na C-27J Spartan ya Italia, iliyokuja baadaye, zote zina mabawa yaliyokaa juu ya kiwiliwili, injini mbili, na mlango wa nyuma unaoteremshwa. Kwa mbali utazichanganya. Tazama mkia: bawa dogo la Buffalo liko kileleni, likifanya herufi T, la Spartan limeshikana na kiwiliwili. Kisha hesabu mapanga ya rafadha: Buffalo matatu, Spartan sita. Y-12 ya China haina taabu, kwani magurudumu yake hayakunjwi na mabawa yameegemezwa kwa nguzo.

Kazi ngumu iko kwenye helikopta. Kenya imerusha 500MD kwa zaidi ya miaka arobaini, na mwaka 2020 ikapokea MD 530F sita. Zote zina kiwiliwili cha umbo la yai, mapanga matano na mkia wa T. Tofauti ya vipimo ipo: duara la mapanga ya 500MD lina kipenyo cha mita 8.03, la 530F mita 8.33, na mkia wa 530F umerefushwa kwa takriban sentimita 20. Lakini helikopta ikikaa mshazari kidogo tu mbele ya kamera, sentimita 30 hizo humezwa, na simu nyingi hupinda mapanga yanayozunguka. Sitamwamini anayedai kutenganisha matoleo haya kwa rula peke yake. Ukiona kifaa cha kulengea makombora ya TOW kimetokeza puani, unatazama 500MD ya kupambana na vifaru. Usipokiona, hujathibitisha kitu, maana 500MD nyingine hazikuwekewa kifaa hicho. Hapo tafuta namba ya ndege. Ikikosekana, andika “familia ya MD 500” na uishie hapo.

Hakikisha pia picha haikugeuzwa. Panga la mkia la MD 500 liko upande wa kushoto, la helikopta ya Fennec kulia.

Kwa F-5, toleo la E lina kiti kimoja na bunduki mbili puani. F ina viti viwili na bunduki moja. Ndege ikipita juu ya kichwa, viti havionekani. Gawanya urefu wake kwa upana wa mabawa: E hutoa karibu 1.8, F karibu 1.9. Hesabu hiyo inafaa tu ikiwa umepiga kutoka chini kabisa na ncha za mabawa hazina makombora.

Mahali napo panahitaji ushahidi. Kilima cha Got Asego kikiwa nyuma ya ndege, upo Homa Bay. Kujua saa, kivuli husaidia pia: mwanzoni mwa Juni jua liko kaskazini mwa ikweta, kwa hiyo mnamo saa saba kasoro dakika ishirini mchana, jua linapofika juu kabisa hapo, kivuli cha mtu huelekea kusini na hakifiki nusu ya kimo chake. Kivuli kirefu kinachoelekea magharibi ni cha asubuhi, huenda hata cha siku ya mazoezi.

Ndiyo maana nawasihi wenye picha hizo wahifadhi faili asilia. WhatsApp hubana picha na kufuta kumbukumbu ya saa na mahali ilipopigwa, na namba ndogo ubavuni mwa ndege hugeuka ukungu. Mtumie mwenzako kama waraka, si kama picha.