Mrimba Alikwenda Wapi?

Kila ninapoletewa shairi au hadithi fupi ya kijana wa kusini kuhusu Kilwa ya kale, huwa najua kilichomo kabla sijafungua ukurasa. Kuna majahazi. Kuna dhahabu ya Sofala, vyombo vya Kichina, kasri la Husuni Kubwa na sultani mkarimu kupindukia. Mwishoni wanakuja Wareno mwaka 1505, wanapora mji, na mtunzi analia beti mbili. Vina safi, mizani safi. Lakini ukimtafuta humo ndani mtu mmoja tu aliyetoka bara, humpati. Na mtunzi mwenyewe, jamani, katoka Ruangwa!

Sisemi kwamba mambo hayo ni uongo. Kilwa ilikuwa dola ya biashara kweli kweli. Katika karne ya 13 na ya 14 ndiyo iliyoshika biashara ya dhahabu iliyopitia Sofala, huko ambako leo ni Msumbiji. Ilipiga sarafu zake za shaba, tena sarafu zenye vina: upande mmoja jina la sultani, upande wa pili maneno ya kumtukuza Mungu yaliyochaguliwa yaoane kwa sauti na jina hilo. Watu waliotia vina hata kwenye hela zao lazima sisi washairi tuwape heko. Sarafu moja ya Kilwa ilichimbuliwa Zimbabwe Kuu, na nyingine ziliokotwa mwaka 1944 katika visiwa vya Wessel, kaskazini ya Australia. Hiyo si dola ya kubeza.

Shida yangu ni nyingine. Tumeipokea hadithi ya Kilwa kutoka mdomoni mwa mnunuzi, tukasahau kwamba penye mnunuzi pana na muuzaji. Katika uhakiki huu nitatazama masimulizi mawili ya jinsi Kilwa ilivyoanzishwa. Nitatazama fani yake zaidi kuliko tarehe zake, maana humo kwenye fani ndimo mtu wa bara alimofichwa, na humo humo ndimo anamochungulia.

Simulizi la mnunuzi

La kwanza ni Kitab al-Sulwa, historia ya Kilwa kwa Kiarabu, iliyoandikwa katika karne ya 16 na mtu ambaye jina lake halikubaki. Nakala iliyopo ilinakiliwa Unguja mwaka 1877, na sasa inatunzwa London. Jina la kitabu linatokana na neno lenye maana ya kuliwaza, kumpa mtu faraja. Tuliangalie jambo hilo vizuri. Mwandishi alishika kalamu wakati mji wake umekwisha kuvunjwa. Mtu aliyefilisika akianza kuhesabu mali za babu yake, huwa hapunguzi!

Simulizi linasema sultani wa Shiraz aliota panya mwenye pua ya chuma akitoboa ukuta wa mji, akaona nchi yake itaharibika. Akaondoka na wanawe sita kwa majahazi saba. Jahazi moja likafika Kilwa. Wageni wakakuta msikiti umekwisha kujengwa, na Mwislamu yuko pale. Wakaambiwa mwenye kisiwa ni mfalme asiye Mwislamu, amekwenda bara kuwinda. Aliporudi, wakapatana bei: nguo za rangi za kutosha kukizunguka kisiwa chote. Mfalme akapokea nguo, akaenda zake bara akiwa na nia ya kurudi na kuwaua. Wageni wakauchimba ule mkono wa bahari ambao watu walikuwa wakiuvuka kwa miguu maji yakitoka. Mfalme akarudi, akasimama ukingoni kungoja maji yatoke. Hayakutoka. Akaenda zake kwa majuto.

Kwa upande wa fani, hii ni kazi nzuri, tusibishane. Ile picha ya mtu aliyesimama ukingoni akingoja maji ambayo hayatatoka tena ina nguvu kuliko beti ishirini za kusifu dhahabu. Lakini tazama jinsi mhusika alivyojengwa. Hana jina lake mwenyewe. Hana ukoo wala watoto. Ana kazi tatu tu: kuuza, kukusudia uovu, kujuta. Huyo ni mhusika bapa, kama tulivyofundishwa darasani, na ubapa wake una kazi. Tukimpa jina na familia tutaanza kumwonea huruma, na mauziano yenyewe tutayatilia shaka.

Simulizi la ukweni

Simulizi la pili lilisimuliwa kwa Kiswahili, likachapishwa Ujerumani mwaka 1907 na Carl Velten katika mkusanyo wake wa nathari na mashairi ya Waswahili. Humu yule mfalme anapata jina. Anaitwa Mrimba. Anapata na kabila: ni Mmachinga.

Mmachinga! Ndugu msomaji wa Dar es Salaam, unayeletewa mashati na mikanda hadi dirishani mwa daladala, umesikia? Wamachinga ni watu wa pwani hii ya Lindi, majirani wa Wamwera wa Ruangwa. Wengi husema wachuuzi wa mjini walipewa jina hilo kwa sababu ya vijana waliotoka huku kusini kwenda kutafuta maisha. Basi Mmachinga wa kwanza wa fasihi yetu hakuwa anatembeza nguo. Alikuwa mwenye mji, na nguo ndiyo aliyolipwa.

Mgogoro wa simulizi hili ni wa kifamilia. Sultani anamwoa binti wa Mrimba. Kisha anamtuma mkewe akamwambie baba yake kwamba haifai mtu na baba mkwe wake kukaa mahali pamoja, afadhali mzee ahamie bara. Mrimba hakatai. Anataka nguo zitandazwe chini kuelekea bara, apite juu yake. Zinatandazwa, anapita. Baadaye anageuza mawazo, lakini maji yamekwisha kujaa kwa dua, njia imefungwa. Binti anazaa mtoto wa kiume, na mtoto huyo akikua anamfuata babu yake bara na kuurithi utawala wake.

Sasa linganisha matumizi ya nguo. Katika Kitab al-Sulwa, nguo inakizunguka kisiwa. Ni ua. Anayezungushia ndiye mwenye mali, na aliye nje ya ua hayupo. Katika simulizi la Mrimba, nguo inatandazwa kama mkeka wa bwana harusi. Ni njia, na njia ina pande mbili: mtu anaweza kwenda nayo na mjukuu akarudi nayo. Nguo ni ile ile, mauziano ni yale yale, lakini maana imegeuka kabisa. Wasimulizi wa Kiswahili hawakubadilisha tukio. Walibadilisha mstari wa duara ukawa mstari ulionyooka. Huo ndio ufundi ninaotaka tujifunze.

Na yule binti? Mwaka 2023 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa vinasaba vya watu waliozikwa katika miji ya kale ya pwani, wakiwamo wa Kilwa na Songo Mnara. Ilionekana kwamba wengi wao walichanganya damu, na kwamba mchanganyiko huo ulianza kiasi cha mwaka 1000: upande wa akina mama sehemu kubwa Waafrika, upande wa akina baba wengi kutoka Uajemi. Kumbe simulizi la ukweni halikuwa porojo za kibarazani tu. Lakini binti wa Mrimba yumo kama binti, kama mke, kama mama na kama mjumbe wa maneno ya wanaume wawili. Yeye mwenyewe alitaka nini? Dada zangu waandishi, hapo pana riwaya nzima imelala.

Mizigo miwili ya pembe

Kasoro ya masimulizi yote mawili ni kwamba macho yake yamebaki Kisiwani. Njia ya nguo inafika bara, msimulizi anageuza shingo. Mrimba alikwenda wapi? Kwa nani? Nguo zote zile alizifanyia nini?

Jibu linapatikana vipande vipande. Ibn Battuta, msafiri wa Moroko aliyefika Kilwa mwaka 1331, anamsifu Sultani al-Hasan bin Sulaiman kwa ukarimu. Anasimulia fakiri mmoja aliyemwomba sultani nguo alizovaa, naye akazivua akampa. Mwana wa sultani akazichukua tena, akampa fakiri watumwa 10 badala yake. Sultani aliposikia jinsi watu walivyofurahi, akaongeza watumwa 10 wengine na mizigo miwili ya pembe za ndovu. Washairi wetu huishia hapo kwenye sifa. Lakini mhakiki lazima aulize: hao 20 walitoka kwa nani? Ibn Battuta mwenyewe anasema sultani huyo alikuwa akifanya mashambulizi mara kwa mara katika nchi za watu wa bara. Na ile mizigo miwili ilifika mjini juu ya bega la nani?

Tena usidhani bara ilikuwa pori tupu hadi majahazi yalipoileta duniani. Mwaka 1616 Mreno Gaspar Bocarro alisafiri kwa nchi kavu kutoka Tete hadi Kilwa, akauvuka Ruvuma. Kasisi Yohanna Abdallah, katika kitabu chake cha Kiyao kilichochapishwa mwaka 1919, anaeleza kwamba biashara ya Wayao ilianza na wahunzi waliozunguka kuuza majembe, ndipo baadaye wakafika pwani. Safari ya pwani ikawa ndiyo inayompa kijana heshima.

Na hapa, wenzangu, ndipo kalamu zetu hukauka. Mwaka 1776 Mfaransa Jean-Vincent Morice alitia saini mkataba na Sultani wa Kilwa wa kupewa watumwa 1,000 kila mwaka. Karne ya 19 misafara kutoka Ziwa Nyasa ilipita nchi yetu hii kuelekea Kilwa Kivinje. Waliofungwa minyororo walikuwa watu wa bara. Waliowafunga, wengi wao, walikuwa watu wa bara pia. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere alipowaleta Masasi watu waliokombolewa utumwani, baadhi yao walikuwa wakirudi upande ule ule walikotolewa. Nani aliwauza? Swali hilo ni zito vijijini kwetu mpaka leo, kwa sababu jibu linaweza kuwa jina la ukoo wa jirani, au wako.

Sasa tuandike nini?

Naona mitego miwili. Wa kwanza ni wa kuendelea kumsifu sultani kana kwamba sisi ni wageni waliolipa kiingilio kutazama magofu. Wa pili ni wa kugeuza meza: kumfanya Mrimba malaika, Mshirazi tapeli, na bara pepo iliyoporwa. Mtego wa pili una hasira nzuri, lakini unatuletea mhusika bapa yule yule, ila tumempaka rangi nyingine. Mrimba alipatana bei. Alizitaka nguo. Mwandishi anayeogopa kusema hivyo hajamheshimu.

Leo mtu wa Ruangwa akitaka kwenda Kilwa Masoko anapanda basi hadi Nanganga, anazunguka Lindi, ndipo anaelekea kaskazini hadi Nangurukuru. Wenye pembe mabegani hawakuwa na basi. Kila tembe ya jasho yao imo katika kuta zile za matumbawe, na hakuna utenzi unaowataja mmoja mmoja. Mwandishi wa Kitab al-Sulwa alikuwa na haki ya kujiliwaza, mji ulikuwa wake. Sisi tukijiliwaza kwa mji ule ule, tunaazima machozi ya mtu mwingine na kuyaacha ya kwetu kavu.

Basi ukiandika Kilwa, kijana mwenzangu, lianze shairi lako pale nguo ilipoishia, kwenye mchanga wa bara. Mzee kasimama, ana bunda la vitambaa vya rangi, mji hana. Nyuma yake maji, mbele yake njia ya kuja kwetu. Mwache apige hatua ya kwanza, halafu mfuate.